Kaka, nisaidie kabla sijalipa

Kaka mambo, habari za siku nyingi. Najua nimekuwa kimya tangu ile harusi, nisamehe, tutaongea vizuri tukionana. Shemeji na watoto hawajambo? Huku wote wazima, ila kuna jambo linaninyima usingizi na wewe ndo mtu pekee ninayemjua aliyeshapita njia hii.

PS4 nimeuza. Hela ninayo mkononi, nataka laptopu ya gemu, na muuzaji anasubiri jibu kesho kutwa.

Sasa sikia. Zipo mbili, zote zina stika ya RTX 4060, ile kadi ya picha inayoendesha gemu, zote ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16. Moja nyembamba, nyepesi, nzuri mpaka unataka kuibeba uondoke nayo, nyingine nene, nzito na chaja yake kama tofali. Mimi nilishachagua nyembamba, nisikufiche. Usiku nikasema ngoja nisome kidogo, kaka, kumbe hizo 4060 za laptopu hazilingani! Kampuni inayounda laptopu ndo inapanga kadi ipewe umeme kiasi gani, kuanzia wati 35 hadi 115, na stika inabaki ileile. Yaani ya wati chache inaweza kuachwa hata na 4050, kadi ya daraja la chini yake, iliyoshiba umeme. Nikamuuliza muuzaji hizi za wati ngapi, akanijibu zote sawa tu bosi. Hapo ndo nilikasirika, maana hela hii nimeikusanya muda mrefu, mtu akikuuliza kitu cha maana mjibu au sema hujui.

Kwenye PS hatukuwaza haya, unaweka diski inacheza, yangu na yako sawa.

Halafu ukichomoa chaja nguvu inashuka sana, betri haiwezi kuilisha kadi kama inavyotaka, kwa hiyo ule wepesi wa nyembamba ntaufaidi wapi wakati gemu lazima nikae karibu na soketi? Na ramu yake imechomelewa kwenye bodi, huongezi. Ile nene ina nafasi mbili za ramu, skrini hezi 144, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, sisi tuliozoea fremu 30 kwa sekunde. Moyo unavutwa na nyembamba, akili inasema nene, ila wati za zote mbili bado sijazijua na hicho ndo kinaniumiza.

Kinachonifurahisha ni kucheza mtandaoni bila kulipia kila mwezi, na Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, unaweza kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama gemu hujacheza zaidi ya saa 2. Padi zangu nimebaki nazo zote mbili, zinakubali kwa waya na hata bluetooth. Lakini diski zote nimempa dogo, huku hazina kazi, na ile ligi yetu ya misimu saba tuliyocheza kwenye PS imebaki kulekule haihamishiki. Nilikaa nikaiangalia kabla sijafuta akaunti kwenye mashine, we acha tu.

Sasa niambie kaka, yako ni ya wati ngapi na ulizijulia wapi, kwenye programu ya kadi au kuna karatasi? Ukicheza saa nzima fremu zinashuka au zinatulia? Feni zinapiga kelele kiasi cha kuamsha mtoto? Ulianza na ramu 16 ikatosha au ukaongeza? Na hizo GB 8 za kumbukumbu ya kadi yenyewe, gemu mpya hazikusumbui ukipandisha ubora wa picha? Na kama ungekuwa mimi ungebeba ile nene kila siku kwenye begi kweli?

Nipigie hata usiku wa manane, ntapokea. Na kama kesho kutwa asubuhi una nafasi nitakupigia video nikiwa palepale, uongee naye wewe.