Piano za Shule Zikaguliwe Kabla ya Kununuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakuu wa shule za hapa Moshi jambo linaloniuma nikiwa mwalimu wa muziki. Shule niliyowahi kufundisha ilinunua piano ya kusimama iliyokwishatumika, yenye mbao zinazong'aa, lakini wiki mbili baada ya kusawazishwa, yaani nyuzi kukazwa hadi sauti zikae sawa, sauti zilishuka tena na kwaya ikalazimika kuimba bila kinanda, kwa sababu vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vimelegea kwenye ubao wake, hata fundi akivigusa kwa ufunguo vinazunguka vyenyewe.

Piano ina nyuzi zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi zote kwa jumla huweza kufikia tani 18. Ubao wa vigingi uliopasuka hauwezi kuvishika vigingi imara dhidi ya mvuto huo. Kabla ya kulipa, fundi afungue kifuniko, apime ukazo wa vigingi, atazame kutu kwenye nyuzi na sufu ya nyundo zinazogonga nyuzi, kama imeliwa na nondo.

Chombo kisiwekwe karibu na dirisha, kwani unyevu wa masika huvimbisha ubao wa sauti, ule unaotetemeka na kukuza sauti ya nyuzi, na kupandisha sauti, kisha kiangazi huzishusha. Gharama ya kusawazisha, angalau mara mbili kwa mwaka, iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mwalimu wa muziki,
Moshi