Barua kwa Mwanangu Aliyevua Miwani

Mwanangu mpendwa Idrisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako sote hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili bibi yako naye asikie. Unasema umeambiwa kwamba mtu wa miwani hachezi mpira wa kikapu, kwamba wenzako wanakuita Mlingoti, na kwamba sasa unaingia kiwanjani bila miwani, ukikosa hata pasi inayokujia kifuani. Sitakusuta. Nitakueleza habari za George Mikan, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyevaa miwani, ambazo nilizipata nikiwa mkubwa, nilipokwisha kuacha kucheza kwa sababu isiyo na uzito kuliko yako.

Mikan alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, Marekani. Alirefuka hadi mita 2.08, na miwani yake nene hakuivua hata mechini. Wakati huo makocha wengi waliamini kuwa mtu mrefu kupita kiasi ni mzito wa miguu na hafai; imani hiyo naona haijafa, maana nimeikuta ndani ya barua yako.

Mwaka 1942 kocha kijana, Ray Meyer, alianza kazi katika Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, akamkuta jitu hilo linalojikwaa. Alimfanya aruke kamba, akamfundisha ngumi, akampeleka hata kujifunza dansi ili miguu yake iwe myepesi. Kisha likaja zoezi ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la Mikan. Simama chini ya kikapu upande wa kulia, ruka kwa mguu wa kushoto, na uuguse mpira ubaoni kwa mkono wa kulia. Ukipita wavuni udake kabla haujaanguka, piga hatua kwenda upande wa pili, na sasa tumia mkono wa kushoto. Alilirudia mamia ya mara. Lijaribu dakika tano tu, utajua mkono wako wa kushoto ni mgeni kiasi gani.

Akiwa chuoni aliipangua mipira ya wapinzani ikiwa juu ya kikapu, mpaka ikawekwa kanuni ya kukataza jambo hilo. Alianza kulipwa mwaka 1946 na timu ya Chicago American Gears, mwaka uliofuata akahamia timu ya Minneapolis Lakers, na kati ya 1947 na 1954 alitwaa ubingwa mara saba. Mwaka 1951 eneo la chini ya kikapu lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12 ili asiendelee kupiga kambi hapo. Siku moja huko New York tangazo la nje ya ukumbi liliandika tu Mikan dhidi ya Knicks, timu ya huko; wenzake wa Lakers wakagoma kuvaa jezi, wakimtania aende peke yake.

Lakini mechi ninayoipenda ni ile aliyoshindwa. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliamua kuukumbatia mpira ili Mikan asiupate, watazamaji wakizomea, na wakashinda 19 kwa 18. Watu wazima wanaolipwa mshahara! Kati ya pointi 18 za Lakers, 15 zilikuwa zake. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyoifanya ligi, mwaka 1954, iweke kikomo cha sekunde 24 za kurusha mpira kikapuni.

Sikufichi mengine. Alipojaribu ukocha, Lakers walishinda mechi 9 na kupoteza 30, akaacha. Uzeeni kisukari kilimfanya akatwe mguu, na wachezaji wa zamani kama yeye walipewa pensheni kidogo sana, jambo alilopambana libadilishwe hadi mwisho. Alipofariki Juni 2005, gharama za mazishi zililipwa na Shaquille O'Neal, jitu jingine lililocheza katika nafasi ileile ya kati.

Ndani ya kifurushi hiki utaona ukanda mweusi wa kufunga miwani kisogoni. Mama yako ameushona kwa lastiki ya sketi, nami nimeujaribu kwa kuruka uani mpaka majirani wakachungulia, na haukuteleza. Ukikubana, ulegeze kidogo pale kwenye fundo.

Baba yako akupendaye