Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: sisi wauguzi tulioko Uingereza tunataka kusoma

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Chai iko mezani, miguu iko ndani ya beseni la maji moto. Ukikuta mahali nimepungukiwa na adabu, ujue ni usingizi, kwa maana adabu nilifunzwa nyumbani Voi.

Mimi ni KRCHN. Wewe huhitaji kufafanuliwa herufi hizo, ila barua hii itasomwa na wengine pia: ni diploma ya uuguzi ambayo ndani yake yamefungwa mambo manne kwa mkupuo, yaani uuguzi wa kawaida, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Nimezalisha akina mama kwa mwanga wa simu. Nimepanda pikipiki na sanduku la chanjo mgongoni, mwenye pikipiki akinihimiza nishike vizuri na mimi nikihofia barafu. Miaka 6 nilitumikia hospitali moja ya Pwani, wodi ya wagonjwa 40 na wauguzi 2. Kisha nikapita IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nikapita mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, nikaja huku nikapita OSCE, mtihani wa vitendo, na NMC, baraza lao la wauguzi, likanipa PIN, yaani namba ya usajili. Mpaka hapo sina neno.

Neno langu lilianza na mwanafunzi mmoja. Aliletwa wodini kwetu kwa mafunzo ya vitendo, nikapangiwa kumwelekeza. Nilimfundisha kutafuta mshipa kwenye mkono wa mzee aliyekaukiwa maji mwilini. Nilimfundisha kumtambua mgonjwa anayebadilika kabla mashine haijalia. Binti msikivu, mchangamfu, hana makuu. Akahitimu na digrii yake, maana England tangu Septemba 2013 hakuna anayeanza kusomea uuguzi ila kwa digrii. Juzi akanifuata kwenye chumba cha chai na habari njema: amepata nafasi ya shahada ya uzamili, ile inayomfikisha muuguzi kwenye ngazi ya kupima mgonjwa mwenyewe, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Akaniuliza, kwa moyo safi kabisa, mbona mimi siombi. Nikamwambia nangoja watoto wakue.

Nilimdanganya, Mheshimiwa. Niliomba mwaka juzi.

Kwanza nilibisha hodi kwenye uzamili, nikaambiwa nianze na digrii. Sawa, hiyo ni haki. Nikaenda kwenye digrii ya kumalizia, ambayo mwenye diploma huifanya kwa mwaka mmoja akiwa mwanafunzi wa kutwa. Hesabu yao ni hivi: digrii nzima ni krediti 360, yaani vipimo vya wingi wa masomo, mwenye diploma inayotambuliwa huingia na 240 mkononi, akabakiza 120. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa KNQF, mfumo wetu wa kitaifa wa kupanga vyeti kwa madaraja, diploma iko daraja la 6 kati ya madaraja 10. Kwa Waingereza, daraja la 6 ni mwaka wa mwisho wa digrii, na diploma yao iko la 5. Nilijaza kwenye fomu kwamba nina daraja la 6 nikakaa siku 3 nikifurahi peke yangu.

Wakataka krediti. Karatasi yangu ya matokeo ina alama na ina saa, krediti haina. Wakataka tawi. Kwao mtu husomea uuguzi wa watu wazima, au wa watoto, au wa afya ya akili, au wa wenye ulemavu wa kujifunza, na ukunga ni taaluma nyingine kabisa. Nikawaeleza kwamba sisi husomea karibu vyote. Yule wa udahili alinisikiliza kwa upole, akaandika “watu wazima”, na saa zangu zote za leba zikaangukia sakafuni. Mwishowe nikakubaliwa krediti 120. Miaka mitatu ya diploma ikawa sawa na mwaka mmoja wao, kana kwamba ile mingine miwili nilikuwa nimeketi kibarazani nikila mabuyu.

Hata hiyo sikuifaidi. Nakala rasmi ya matokeo ilipaswa kutumwa na chuo nilichosomea, na chuo hicho sikitaji jina. Dada yangu alikwenda mara nne. Mara mtu wa faili yuko likizo, mara mtandao, mara lipa tena hii risiti ni ya zamani. Ilifika maombi yamekwisha kufungwa, na jina langu limekosewa herufi.

Tuzungumze fedha. Karo ya mwenyeji katika vyuo vya England ina kikomo, na kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 kikomo hicho ni pauni 9,535. Mwenyeji hulipiwa kwa mkopo wa serikali. Sisi wa viza ya kazi kwa kawaida tunahesabiwa wageni: hatuna kikomo wala mkopo. Bendi ya 5, ngazi ya mshahara ambako karibu sote tunaanzia, huanza na pauni 31,049 kwa mwaka huohuo kabla ya makato, na karo niliyotajiwa mimi ilikuwa karibu nusu yake. Kodi nakatwa kama anavyokatwa yule binti. Ili nihesabiwe mwenyeji sharti kwanza nipate kibali cha kukaa moja kwa moja, ambacho kwa kanuni niliyoikuta nilipofika kilitolewa baada ya miaka 5. Mei 2025 serikali yao ikatangaza nia ya kuifanya 10. Kuna pia fungu la pauni 1,000 kwa miaka mitatu lililoahidiwa kila muuguzi kwa kujiendeleza, nashukuru, limenipa kozi mbili za siku mbilimbili na cheti cha kushughulikia vidonda.

Najua utauliza: sasa hayo yananihusuje mimi Nairobi?

Yanakuhusu kwa sababu mlango ni wako. Julai 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya. Baadaye mwaka huohuo Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha ya rangi ya kaharabu, ile taa ya katikati, maana yake waajiri wao hawaruhusiwi kuja kuzoa wauguzi wapendavyo. Sharti wapitie njia waliyokubaliana wakubwa. Ufunguo mmoja wa mlango huo uko Afya House. Mwenye ufunguo ana haki ya kuuliza wanaotoka wanakwenda kuwa nini. Mwaka ule wa 2021 nchi nzima ilitusema ilipotangazwa kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Hata makanga wa matatu walitucheka. Tukarudi tukasoma, tukafaulu. Aliyeuliza tukishafaulu tunasoma nini tena sikumsikia.

Wapo watakaosema tulifuata pauni, sasa tunadai vyeti. Tulifuata pauni, ndiyo, nani amekataa? Lakini siku nitakayorudi nyumbani sitapimwa kwa pauni. Kwetu mwenye diploma huingia kazini katika kundi la mshahara H, mwenye digrii katika kundi K. Nirudi na mvi na uzoefu wa mashine ambazo hospitali yangu ya zamani haina, halafu nipangwe kwa cheti kilekile nilichoondoka nacho?

Basi naomba hivi. Baraza la Wauguzi la Kenya, KNQA inayosimamia ule mfumo wa madaraja ya vyeti, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu waketi meza moja na wenzao wa huku, watoke na waraka wa ukurasa mmoja unaosema KRCHN ina krediti ngapi, ikiwamo mikono yetu ya ukunga. Ukurasa mmoja tu, wenye mhuri. Leo kila muuguzi anajadiliana peke yake na karani wa udahili ambaye hajawahi kuisikia Kenya nje ya habari za simba na mbio za masafa marefu. Na makubaliano yatakapofunguliwa tena, karo iwekwe mezani pamoja na viza. Vyuo vya huku vina uhuru wa kumtoza mgeni karo ya mwenyeji vikitaka. Vitatakaje, kama hakuna aliyeviomba?

La karo likishindikana, lipo ambalo haliwahitaji Waingereza hata kidogo, na ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo yanayofundishwa kwa njia ya kompyuta, bila wao kuacha vituo vyao vya kazi. Ilikuwa kabla nyaya za baharini hazijatia nanga Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ikiwa bado ya kuvuta kwa kamba. Leo vyuo vikuu vyetu vinawapandisha wenye KRCHN hadi digrii. Vifungulieni njia ya kutusomesha tukiwa huku, na saa za vitendo tuzihesabie wodini tunapofanya kazi, tukisainiwa na wasimamizi wenye PIN. Karo italipwa kwa pauni, ikaingie kwenye vyuo ambavyo kila mwezi tunasoma magazetini havina pesa.

Nisije nikaonekana nawalaumu Waingereza tu. Nilipokuwa Nairobi nikingoja viza, jirani yangu alikuwa muuguzi kutoka Kongo, mwenye diploma ya kwao inayoitwa A1, vyeti vyote kwa Kifaransa. Alitaka kujiendeleza hapohapo kwetu. Aliulizwa maswali yaleyale niliyokuja kuulizwa mimi, ya krediti na ya tawi, akachoka, akafungua kibanda cha kuuza vitenge. Nilimwona mvivu wakati ule. Ningempigia simu nimwombe radhi, ila namba niliyo nayo haipatikani.

Nimeambatisha karatasi yangu ya matokeo, kurasa 4, jina limesharekebishwa. Saa za ukunga ziko ukurasa wa 3. Ukipata mtu hapo ofisini anayejua kuzigeuza kuwa krediti, anijibu kabla ya mwisho wa Januari, maombi yatakapofungwa tena. Asinipigie mchana, nitakuwa nimelala. Naingia kazini saa moja unusu jioni.

Wako mtiifu,
Muuguzi, Bendi ya 5,
Kusini mwa Uingereza.