Juma wa Malindi na Phibba wa Jamaika

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliwahimiza watu wa Pwani watume mate yao ng'ambo wakapimwe vinasaba, ati ndipo tutakapojua asili yetu. Mimi nilikuwa karani wa ardhi kwa miaka 31. Ugonjwa wangu ni makaratasi, basi nitajibu kwa makaratasi.

Mwaka jana tulipata mgeni katika vyumba viwili ambavyo mke wangu hukodisha hapa Shela, Malindi, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Dada muuguzi, mzaliwa wa Uingereza, wazee wake Wajamaika. Mkobani alikuwa na majibu ya kampuni ya vipimo: Nigeria fungu kubwa, Ghana, Kongo, Scotland kidogo, na mkiani kabisa asilimia 3 ya "Afrika Mashariki". Kwa asilimia 3 hizo alikata tiketi ya ndege. Asubuhi ya kwanza, mahamri yangali ya moto, akaniuliza kama sisi ni jamaa zake.

Nilicheka. Kisha nikaona haya, maana yeye hakucheka.

Nilimweleza ninavyojua. Watu waliopelekwa Jamaika, wengi wao walipakiwa pwani ya magharibi: Ghana ya leo, kusini mashariki mwa Nigeria, Kongo na Angola. Wa kwetu walipelekwa Unguja, Pemba na Uarabuni. Wafaransa nao walinunua Kilwa watu wa kupeleka Mauritius. Mwaka 1776 mfanyabiashara Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa watu 1,000 kila mwaka. Kuna waliovuka Atlantiki kutoka Msumbiji, lakini hao wengi walishushwa Brazil. Na kampuni hizi hazisomi kitabu kilichoandikwa damuni. Zinalinganisha mate yako na ya watu walio hai waliokwisha kupimwa, na wa kwetu humo ni wachache. Zikiongeza watu, hesabu hubadilika. Asilimia 3 za leo mwakani zinaweza kuwa 1, au zikatoweka.

Hapo akatoa faili. Wallahi, nilisahau chai.

Alianzia cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. Serikali ya Jamaika ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1878, kwa hiyo nyuma ya hapo aliingia vitabu vya ubatizo vya parokia. Nyuma zaidi kuna daftari za watumwa. Waingereza walipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na ili watu wasiingizwe kwa magendo, wenye mashamba wakalazimishwa kuorodhesha watumwa wao. Jamaika ilianza 1817, ikarudia kila baada ya miaka mitatu hadi 1832: jina, umri, rangi, Mwafrika au mzaliwa wa kisiwani, na mara nyingi jina la mama. Daftari hizo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Huyu dada alipanda ngazi mama kwa mama mpaka akafika mstari mmoja wa 1817: Phibba, miaka 40, Mwafrika. Mama wa saba kwake.

Katika kizazi cha saba kila mtu ana wazee 128, na wengine kati yao hawakumwachia hata chembe ya vinasaba. Mate yasingemtaja Phibba kwa jina hata siku moja. Aliyemtaja ni karani, tena karani aliyekuwa akimwandikia bwana shamba, wala si Phibba. Mwaka 1834 utumwa ulipofutwa, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa hawakupata kitu. Kilichobaki kwa wajukuu ni orodha.

Phibba, akaniambia, ni jina la Kiakani, la Waakani wa Ghana, la msichana aliyezaliwa Ijumaa. Mvulana ni Kofi. Jamaika waliandika Cuffee.

Babu wa baba yangu aliitwa Juma.

Sijawahi kuliandika hili gazetini, na nina ndugu watakaoninunia. Huyo Juma hakuwa Mwarabu wala Mshirazi. Alikuwa Mnyasa, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, aliyeletwa mtoto kulima mtama na ufuta katika mashamba yaliyofunguliwa hapa tangu miaka ya 1860. Nyumbani tulifundishwa kusema "tumetoka Lamu", na habari ikaishia hapo. Wenzake waliokimbilia Fuladoyo, kijiji cha watoro huko bara, angalau waliacha sifa. Yeye nilimkuta kwenye khati moja ya shamba, ameandikwa Juma, aliyeachwa huru na fulani. Jina la mama yake halimo. Huku kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na fidia vilevile ilikwenda kwa mabwana.

Kwa hiyo kijana wetu mwenye mate namwambia hivi: apime akitaka, ila kwanza aulize data yake itakaa kwa nani. Mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya Marekani iliibiwa taarifa za wateja karibu milioni 7, na 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Nenosiri likiibwa utalibadilisha, vinasaba utavibadilishaje? Tena ni vya ndugu zako pia, ambao hukuwauliza.

Linaloniuma zaidi ni mchwa. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, vitabu vya mwanzo wa karne iliyopita viliwekwa sakafuni chini ya bati linalovuja. Niliripoti mara tatu. Nilipostaafu vilikuwa palepale, vimegandamana kama mkate wa sinia. Kaunti inanunua magari kila mwaka. Mashine ya kupigia picha vitabu haifiki bei ya gari moja.

Na majumbani je? Ukiwa na sanduku la babu lenye khati za Kiarabu, usimuuzie mtalii kwa bei ya pakacha la maembe. Nileteeni nizipige picha, sitozi kitu, asili mtabaki nayo. Jioni baada ya Alasiri huwa barazani, nyuma ya msikiti. Natafuta hasa khati za mashamba ya upande wa Mambrui. Huenda karani mmoja alijisumbua kuandika jina la mama yake Juma.

Karani Mstaafu,
Shela, Malindi