Oili ya gari si ya pikipiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe waendesha bodaboda juu ya mazoea ya kutia oili ya magari katika pikipiki zao, eti kwa kuwa ndiyo fundi aliyokuwa nayo. Katika gari la kawaida oili ya injini haifiki kwenye klachi wala giaboksi, lakini katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria nchini, injini, giaboksi na sahani za klachi hutumia oili moja. Oili nyingi nyepesi za magari, kama zile zenye namba ya unene 0W-20, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na klachi, ambayo bila msuguano haishiki, huanza kuteleza, injini ikinguruma huku mlima haupandiki. Mnunuzi atafute kwenye kopo alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) MA au MA2; MB ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hiyo. Unene, uwe 10W-30 au 20W-50, ufuate kitabu cha mtengenezaji, si ushauri wa kijiweni. Nao wauza vipuri wanaopima oili kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi wamwonyeshe mteja kopo lililofungwa.

Msomaji wako,
Morogoro