Komba Apelekwe Diani

Mama, shikamoo,

Assalam aleikum. Huku niko mzima, alhamdulillah. Baridi ipo, nimeizoea. Ujumbe wa Hamadi nimeupata, kwamba mwembe ulipokatwa mlibaki na mtoto wa komba na sasa anataka pesa za tundu la kumfugia. Video ya komba huyo nimeitazama mpaka nikalia. Barua hii msomee naye, na Ami akiwepo asikie.

Dawa za Nyanya nitazilipia mwisho wa mwezi kama kawaida. Pesa za tundu sitatuma hata senti. Hamadi asinune. Mwembe wa marehemu Babu umekatwa bila mimi kuulizwa, na hilo nitalisema nikija, uso kwa uso. Lakini aliyeumia zaidi yetu sote ni komba huyo. Komba jike akienda kutafuta chakula usiku humwacha mwanawe ameshikilia tawi, kisha humrudia. Lau jioni ile ile mtoto angewekwa kwenye kisanduku karibu na miti iliyobaki, huenda mamake angemfuata. Sasa siku zimepita.

Nasikia Ami husema barazani kuwa nimevuka bahari kuja kuosha panya. Maneno hayo yameniuma, Mama. Wale si panya, ni kalunguyeye, wanyama wadogo wenye miiba mgongoni, na mwaka 2020 waliingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka hapa Uingereza. Watoto wao huletwa kwetu kituoni tuwatunze, kiota kikivurugwa na mashine ya kukatia nyasi, au mama akigongwa na gari. Huja macho hayajafunguka. Mtoto hapewi chakula kwanza, anapashwa moto, maana mwili ukiwa baridi tumbo halisagi kitu. Maziwa ya ng'ombe ni marufuku, humharisha mpaka akafa. Tunatumia maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone, naye amekaa kifudifudi. Ukimlaza chali maziwa huingia mapafuni. Akishiba unampangusa chini kwa pamba yenye maji vuguvugu mpaka akojoe, kazi ambayo mamake huifanya kwa ulimi. Baada ya saa mbili tatu unaanza upya, usiku kucha.

Zamu ya usiku ya chumba hicho nimekabidhiwa mimi. Wenye shahada zao wapo, na funguo ziko mkononi mwangu, mtoto wa Kisauni. Waliozaliwa majira ya vuli wakija wepesi tunakaa nao, kwani asiyefika gramu 450 hivi si rahisi alale majira ya baridi yote na kuamka salama. Wakipona tunawaachia saa za magharibi. Hutimka majanini bila hata kututazama, na hapo ndipo moyo wangu hujaa. Tumewalea wasituzoee.

Kwa hiyo nilipomwona Zuhura kwenye video amemlaza komba kifuani, niliingiwa na hofu. Marehemu Daphne Sheldrick, aliyelea ndovu mayatima Nairobi, aliwahi kumpoteza ndovu mchanga, Aisha, aliyemzoea yeye peke yake. Alimwacha siku chache akaenda arusini, mtoto akagoma kula, akafa. Tangu hapo walezi wakawa wanapokezana. Na Owen je? Yule kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, tukapelekwa Bamburi kumwona na rafiki yake, kobe aitwaye Mzee. Ulimwengu mzima ulimpenda, lakini mtoni hakurudi. Komba wetu bado ana nafasi ya kurudi mtini.

Hamadi ajue pia kuwa sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kumuuza ndiyo balaa zaidi. Awapigie leo KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kule Diani kuna Colobus Conservation, hupokea mbega, kima, tumbili na komba, wana watu wanaoijua kazi hii. Mpaka aondoke, komba akae gizani mahali pa joto, asiogeshwe, asipewe maziwa ya dukani, watoto wasimshike.

Usiku nikiwalisha hawa wa huku hukumbuka makomba wakilia minazini, na wagema wakilalamika asubuhi kuwa tembo lao limenyweka. Hapa nje hakuna sauti hata moja ninayoijua. Nimepatamani nyumbani, Mama.

Nauli ya matatu ya Likoni hadi Ukunda nimemtumia Hamadi kwa M-Pesa. Feri kwa miguu ni bure. KWS wakimruhusu ampeleke mwenyewe, kisanduku kiwe na matundu ya hewa na kitambaa ndani, kifunikwe, na asimfungulie mtu yeyote njiani. Akishamkabidhi anipigie, hata kama nimelala.

Nisalimie Nyanya.

Mwanao,
Mwanasha