Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu klabu yetu imepiga picha chache za chini ya maji kuliko tulivyozoea, na ninazileta mbele yenu kwa fahari. Masika ilimwaga tope la Mto Msimbazi baharini, kisha upepo wa kusi ukakaza na maji ya visiwa vyetu vya Dar es Salaam, Bongoyo na Mbudya, yakachafuka. Siku zilizotufaa ni zile za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, maana bamvua, yaani maji makuu, hutimua mchanga na mkondo wake humchosha mzamiaji kabla hajainua kamera.

Kamati iliwaomba kila mmoja achague mwamba wake na kuurudia. Wapo walionung'unika, na ninawaelewa: boti ni ghali, mtu anataka aone mengi. Lakini itazameni picha ya pweza iliyopendwa kuliko zote kwenye maonyesho yetu. Mwenzetu alimkuta shimoni, mlangoni pamezagaa magamba ya kaa na makombe, mabaki ya mlo wake. Pweza alijivuta ndani, akavuta na vijiwe kuziba tundu. Mwenzetu hakumchokonoa. Alirudi siku nyingine, na nyingine tena, akitua kando kwenye mchanga na kupumua taratibu, hadi pweza akayazoea yale mapovu. Ndipo alipotoka, rangi ya mwamba ikamtoka mwilini akabaki na mabakamabaka meupe, akaanza kupapasa chini ya jiwe. Picha inamwonyesha akiwinda. Pweza aliyeogopa tunamjua sote. Huyu ni wachache waliomwona.

Kuhusu ubunifu, nawapongeza hasa vijana wasio na flashi. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, hata kwenye mita kumi tu samaki mwekundu huonekana wa kijivu. Badala ya kulalamikia vifaa, walibaki maji ya kina kifupi, wakashuka chini ya kasa na kumpiga picha kama kivuli, jua la mchana likiwa juu yake. Wenye flashi nao wamejifunza kusogea karibu na kuimulika kutoka ubavuni, kwani ikielekezwa moja kwa moja, kila chembe majini hung'aa na picha hujaa vitone vyeupe.

Kuanzia sasa, picha ya kiumbe aliyeguswa, aliyefukuzwa au aliyetolewa shimoni haitapokelewa, hata iwe nzuri namna gani. Vivyo hivyo kwa anayekanyaga matumbawe. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu, yaani yanayohifadhiwa kisheria, tangu 1975, na miamba yetu imeshaumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti. Najua uamuzi huu ni mgumu kwa baadhi yenu. Nauunga mkono kwa moyo wote.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Wanaotaka safari ya kisiwa cha Mafia kuwaona papa potwe, wale papa wakubwa wapole, msimu wa upepo wa kaskazi wajiandikishe kwa katibu leo, kabla ya kuondoka ukumbini.